Siku Milima ya Kongo Ilipotoweka

Kila siku wakitoka shule, Saumu na Marcelina walipitia kwa kina Saumu, wakabadilisha sare, wakanywa maji, kisha wakateremka mbio hadi mwalo wa Katonga, bandari ndogo ya wavuvi kando ya ziwa. Mama yake Saumu alikuwa na vichanja vinne vya kuanikia dagaa pale ufukweni. Kazi ya wasichana hao ilikuwa kugeuza dagaa, kufukuza kunguru, na kutazama ng'ambo ya ziwa.

Hiyo ya kutazama ng'ambo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa. Siku ya jua, milima ya Kongo huonekana wazi kutoka Katonga, ya bluu, imejipanga juu ya maji. Mvua ikianza kuvuka ziwa, milima hutoweka.

"Msingoje tone," mama aliwaambia tangu siku ya kwanza. "Mkiona milima haipo, acheni kila kitu, kusanyeni dagaa, funikeni turubai. Dagaa akilowa kabla hajakauka vizuri, huyo ni wa kutupa."

Jioni Marcelina alirudi kwao na bakuli la dagaa. Aliishi na bibi yake, na mara nyingi bakuli hilo ndilo lililokuwa kitoweo chao.

Mwezi wa Novemba, Mwalimu Telesphory, aliyetunza kabati la vitabu shuleni, alimwazima Saumu riwaya iliyochakaa iitwayo Kiapo cha Ngome ya Kijivu. Kilikuwa kisa cha kale mno huko Ulaya, zama za askari wa farasi waliovaa deraya za chuma kutoka utosini hadi unyayoni. Binti mmoja, Melisena, alifungiwa mnarani na baba yake wa kambo. Kijana Rodolfi alikuwa ameapa kumtoa, akavuka misitu yenye theluji akiwa na farasi mmoja na kipande cha mkate mkavu.

Saumu hakuwahi kuona theluji, wala mnara. Farasi alimwona mara moja tu, kwenye kalenda ya dukani. Labda ndiyo maana kitabu kile kilimchukua mzimamzima. Akifungua ukurasa, harufu ya dagaa ilipotea. Alisikia kwato zikigonga daraja la mbao, akaona mishumaa mia ikiwaka katika ukumbi mrefu, akahisi gauni zito la mahameli likiburuta nyuma yake, ilhali alikuwa amejifunga khanga yenye magamba ya samaki. Mama alipomwita mara tatu, aliitika ya nne, tena kwa sauti ya upole wa kifalme.

Marcelina naye alinogewa. Hakuwa mwepesi wa kusoma, kwa hiyo Saumu alimsomea kwa sauti huku wakigeuza dagaa, mama akiwasikia kutoka kichanja cha pili. Siku moja walifika mahali ambapo Rodolfi alipitiwa na usingizi akiwa zamu langoni. Maadui waliingia, na mlinzi mwingine akakamatwa kwa kosa hilo. Rodolfi alipita katikati ya baraza lote, akapiga goti mbele ya mfalme, akasema, "Aliyelala ni mimi."

Marcelina aliacha kugeuza. "We Saumu, ungeweza wewe? Mbele ya watu wote wale?"

"Mbona rahisi!" alijibu Saumu. "Tena bila kupepesa macho."

Ikafika Alhamisi. Mbalamwezi ilikuwa inaanza, na wakati huo wavuvi hupumzika, kwa sababu dagaa hufuata taa pale tu penye giza. Dagaa wa vichanja vile vinne walikuwa wa mwisho kwa wiki nzima. Mama alikwenda sokoni. Marcelina naye aliomba kwenda mara moja kumchotea bibi yake maji.

"Sasa ni zamu yako," alimwambia Saumu. "Angalia milima."

"Naangalia, shoga. Nenda."

Na kweli aliangalia. Aliinua macho kutoka kitabuni, akaona weupe ukishuka juu ya ziwa na milima ikififia mmoja mmoja. Akawaza kwamba huo ndio ukungu ulioizunguka Ngome ya Kijivu alfajiri ile Melisena alipofungua dirisha. Ulikuwa mzuri ajabu! Saumu alitabasamu, akarudi kwenye ukurasa wake.

Tone la kwanza lilianguka juu ya jina la Rodolfi.

Aliporuka kuvuta turubai, mvua ilikuwa imeshamwagika. Dagaa walilowa kichanja kwa kichanja. Mama alikuja mbio kutoka sokoni, viatu mkononi, akasimama akitazama kazi ya siku mbili ikichuruzika maji.

"Nani alikuwa zamu?" aliuliza.

Kitabu kilikuwa kimefichwa ndani ya khanga, kimebanwa tumboni. Saumu alifungua kinywa, na jina likamtoka kabla hajalifikiria.

"Marcelina."

Wakati huohuo Marcelina alitokea akikimbia, amelowa chapachapa. Mama hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Marcelina mwanangu, nilikuamini," alisema. "Nenda nyumbani. Kesho usije."

Marcelina alimtazama Saumu. Saumu akatazama mchanga. Marcelina akachukua bakuli lake tupu, akaondoka.

Kesho yake darasani, Marcelina alihamia dawati jingine. Saumu alijaribu kusoma wakati wa mapumziko, lakini kila alipofungua kitabu alimkuta Rodolfi amepiga goti. Akaona haya, akakirudisha kwa Mwalimu Telesphory.

"Umekimaliza?"

"Hapana, mwalimu. Sikitaki tena. Kimeniponza."

"Kimekuponza vipi?"

Saumu alieleza yote, la mwisho kwa sauti ya chini sana. Mwalimu alikifuta kitabu vumbi kwa mkono wa shati.

"Mimi kitabu hiki niliunguza nacho sufuria ya maharage nikiwa darasa la saba," alisema. "Kwa hiyo kuota nakuelewa. Lakini hilo la kumsingizia mwenzako halimo humu, Saumu. Hilo umelitunga mwenyewe." Kisha akamrudishia. "Kaa nacho. Tengeneza kwanza ulichoharibu, halafu utasoma vizuri."

Jumamosi asubuhi, wanawake wote wa mwalo walikuwapo wakifagia chini ya vichanja. Mama alikuwa anachambua dagaa waliooza, awatenge kwa ajili ya kuku. Saumu alipita katikati yao. Hapakuwa na farasi wala tarumbeta.

"Mama," alisema, "aliyekuwa zamu juzi ni mimi. Milima niliiona ikipotea, nikaendelea kusoma. Marcelina nilimsingizia."

Mafagio yalisimama. Saumu alipepesa macho mara nyingi sana, na kila alipopepesa, chozi lilidondoka. Mama akanawa mikono.

"Jitande khanga vizuri," alisema. "Twende."

Walimkuta bibi yake Marcelina mlangoni. "Mwakeye, bibi," mama alimwamkia kwa Kiha, akaketi. Saumu aliomba radhi kwanza. Kisha mama, mtu mzima mbele ya mtoto, akasema, "Marcelina, hata mimi nimekukosea. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe."

Marcelina alichezea ncha ya gauni lake. "Nilijua Saumu atasema," alijibu. "Ila nilidhani atasema jana."

Maneno hayo yalimchoma Saumu kuliko kipigo chochote.

Njiani mama alipunguza mwendo. "Dagaa nitawasahau, ziwani wamo wengine," alisema. "Kilichoniuma ni mtoto wa watu kulala na jina baya kwa ajili yako. Kosa likiwa lako, libebe wewe, hata likikulemea. Nimefurahi umelibeba, ingawa umechelewa. Na kusoma sikukatazi. Soma mpaka uchoke. Ila ukiwa zamu, uwe zamu."

Mbalamwezi ilipokwisha, wavuvi walirudi ziwani na vichanja vikajaa tena. Marcelina alirudi kwenye kichanja cha kwanza, bakuli lake pembeni. Mama aligeuza dagaa, kisha akakohoa.

"Huyo kijana aliyelala langoni," alisema, kama asiyejali. "Ikawaje?"

Basi Saumu alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasoma kwa sauti, na zamu ya kutazama ng'ambo akapewa Marcelina. Wanawake wa vichanja vya jirani walisogea karibu. Rodolfi alifika chini ya mnara, Melisena akateremsha kamba, kamba ikaanza kukatika uzi mmoja mmoja. Mkono wa mama ulibaki hewani umeshika dagaa, macho yake yako mbali, kwenye theluji.

"Milima!" Marcelina alipiga kelele.

Watu wote walikurupuka. Hakulowa hata dagaa mmoja. Walijibanza chini ya banda, mvua ikipiga bati, wakihema na kucheka. Mama alijifuta mikono kwenye khanga, akamgeukia binti yake.

"Haya, tuambie upesi," alisema. "Alimtoa au hakumtoa?"