Mulamula Kwenye Mchanga wa Rwazi

Kila siku jua likichomoza, Evodia hushuka ufukweni na beseni lake. Anaishi Rwazi, kijiji kidogo cha Muleba kando ya Ziwa Victoria. Mitumbwi ikirudi, hununua dagaa, huwaosha na kuwaanika mchangani pamoja na wanawake wenzake. Wakikauka, dagaa hao hupelekwa Bukoba mjini, kwenye maduka ya Miembeni.

Mumewe, Kahangwa, ana kibanja cha migomba na kahawa kwenye mteremko. Hupenda sana kujisifu kwa kibanja hicho. Lakini waliomsomesha binti yao Annastella ni dagaa. Hilo Kahangwa hulisema kwa sauti ndogo.

Asubuhi moja Evodia alikuta vigingi vyekundu vimepigwa kwa mstari mrefu, juu kidogo ya mchanga. Wavuvi walisema watu wawili walikuja na gari jana yake jioni, wakapima, wakapiga vigingi, wakaondoka.

Basi Rwazi nzima ikachanganyikiwa. Mmoja alisema inajengwa hoteli. Mwingine alisema ni bandari. Wa tatu, ambaye hakosi habari hata za asichokiona, alisema kijiji chote kitahamishiwa porini. Mwenyekiti wa kijiji, Rugambwa, alikuwa msibani Kaagya. Hapakuwa na wa kuulizwa.

"Baba Stella, tutafanya nini?" aliuliza Evodia.

"Wanauchukua ufuko kwa sababu hauna mpaka," alisema Kahangwa. "Mimi nitauwekea mpaka."

Akakata mashina ya mulamula, akayapanda ufukweni, chini ya kibanja chake. Mulamula ni mmea ambao Wahaya hupanda kuonyesha mpaka wa kibanja. Watu wakigombania ardhi, wazee huangalia mulamula umesimama wapi, na maneno yanaisha. Kung'oa mulamula wa mwenzako ni kosa kubwa. Lakini nani aliwahi kuupanda kwenye mchanga wa ziwa? Kahangwa tu, na kichwa chake kigumu.

Jirani yao Gozbert akaona. "Kumbe watu wanagawana ufuko!" akasema. Akapanda wa kwake. Aliyemwona Gozbert akapanda, na wa pili yake akapanda. Wiki haikuisha, ufuko wote ukawa umekatwa vipandevipande.

Evodia aliposhuka na beseni lake, Gozbert alikuwa amesimama pale pale wanawake wanapoanika.

"Mama Stella, hapa sasa ni pangu," alisema Gozbert, huku anaangalia pembeni. "Anika kwenu."

"Kwetu ni mawe matupu, jamani waitu!"

"Nani alianza kupanda mulamula? Kamuulize mumeo."

Evodia akabeba dagaa wake mpaka nyumbani. Akawaanika uani, chini ya migomba, ambako jua halifiki vizuri. Kuku walifurahi. Mchana mvua ikanyesha. Kesho yake dagaa walikuwa wananuka, akawafukia shimoni. Alirudi ndani akalia kwa hasira.

"Umenifungia kazi yangu," alimwambia mumewe.

"Nilikuwa nalinda ardhi yetu!"

"Ipi? Ile ya mawe? Mchanga umempa Gozbert."

Kahangwa hakujua tena kama alikuwa amelinda au amepoteza.

Rugambwa aliporudi, Evodia alikuwa wa kwanza mlangoni kwake. Mwenyekiti alishika kichwa. "Mae, mama yangu, kosa ni langu. Niliambiwa niitishe mkutano kabla ya watu kuja kupima. Msiba ukanivuruga, nikasahau." Pale pale akampigia simu afisa mazingira.

Afisa huyo, Jovina, alikuja, na mkutano ukafanyika ufukweni. Wanaume walikaa mbele. Wanawake walisimama nyuma.

"Hatujauza ufuko," alianza Jovina. "Sheria ya mazingira inataka mita sitini kutoka ukingo wa ziwa zisilimwe wala zisijengwe nyumba. Vigingi vinaonyesha mita hizo. Tunaandaa mpango wa kutumia eneo lote hili."

"Kwa hiyo tunafukuzwa au hatufukuzwi?" aliuliza mzee mmoja.

"Hamfukuzwi, tata."

"Sasa kama hatufukuzwi, vigingi vya nini?"

Watu wakacheka. Lakini ukweli ni kwamba wengi walikuwa hawajaelewa bado. Jovina akajaribu tena, polepole.

"Mvuvi anautaka ufuko huu. Mkulima anautaka. Anayechota maji anautaka. Samaki nao wanazaliana humo kwenye matete. Kila mmoja akipanga peke yake, tunaharibiana. Ndiyo maana tunapanga pamoja, kuanzia vibanjani mpaka majini."

"Kibanja changu kinahusikaje na majini?" aliuliza Gozbert.

"Mvua ikinyesha, udongo wako unakwenda wapi?"

Gozbert akautazama mteremko. "Unashuka ziwani."

"Na unafunika mazalia ya samaki. Ukiacha majani na miti hapa ukingoni, udongo unazuiliwa."

Kisha Jovina akatandika mchoro mkubwa chini. "Huu ni mpango wa awali. Haujapitishwa. Hauwezi kupitishwa bila ninyi kusema. Hapa pana mwalo, pa kuegesha mitumbwi. Hapa penye kijani tutapanda miti."

Evodia alijipenyeza mbele akainama. Kijani kilikuwa kimefunika mchanga wote wa kuanikia.

"Mae, hapa ndipo tunapoanika dagaa!"

"Wapi?" Jovina alishangaa. "Walioniletea vipimo walisema ni eneo tupu."

"Walikuja jioni, tumeshaanua. Jua linapopanda, hapa hapana pa kukanyaga kwa dagaa. Mkipanda miti hapa, sisi tutakula nini?"

Wanawake wa nyuma wakaanza kusema wote kwa pamoja. Jovina akafunga mchoro. "Twendeni mnionyeshe," akasema.

Wakatembea naye ufuko mzima. Wakamwonyesha pa kuanikia, pa kuchotea maji na pa kufulia. Yeye naye aliwaonyesha kosa lao: walikuwa wanafulia kwa sabuni katikati ya matete. Wakakubali kufulia mbali na maji. Akawashauri wajenge chanja, yaani meza za miti na nyavu, ili dagaa wasilale mchangani. Mchoro ukabadilishwa, na miti ikasogezwa kwenye mteremko mtupu.

Ikabaki shida moja. Mulamula ulikuwa bado umesimama. Hakuna aliyethubutu kugusa wa mwenzake, hata mwenyekiti. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Kahangwa.

Aliona aibu, na haikufichika. Maisha yake yote hakuwahi kung'oa mulamula. Alishuka polepole, akaushika wa kwanza kwa mikono miwili.

"Hapa si pangu," alisema kwa sauti. "Nilikosea."

Akavuta. Aliendelea hadi mulamula wake wa mwisho. Gozbert alisimama kidogo, anajikuna shingo. Halafu akaenda kung'oa wa kwake, na wengine wakafuata.

Mpango ulipitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa mikono iliyonyooshwa, ya wanaume na ya wanawake. Haukumpendeza kila mtu kwa kila jambo. Bustani ya nyanya ya Kahangwa ilikuwa ndani ya zile mita sitini. Alinung'unika, lakini aliihamishia juu. Matete yakarudi pale yalipokuwa yamekatwa, na maji ya kuchota yakaanza kuwa safi.

Chanja za kwanza zilipokamilika, Evodia alichota dagaa waliokauka vizuri, akawapika na ndizi za bitoke. Kahangwa alianza kutafuna kwa tahadhari, kama anavyotafuna siku zote. Akatafuna tena. Akaangalia sahani.

"Mama Stella, dagaa hawa mbona hawana mchanga?"

"Mchanga tumeuacha ziwani," alisema Evodia, akamwongezea upawa mwingine. "Ni wa watu wote."