Ngazi ya Maktaba

Kila siku saa tisa alasiri, begi la shule likining'inia begani, msichana alipanda hadi ghorofa ya tatu, kwenye kampuni ya usanifu majengo ya baba yake. Hakumwamkia mtu. Alimpita mpokezi kana kwamba anapita kiti, akawapita wachoraji waliokodolea macho kompyuta zao, akajitupa kwenye sofa ya wageni na kuagiza maji. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, naye, kwa maringo aliyokuwa nayo, alidhani wanamsifu.

Kiburi hicho hakukiokota barabarani. Baba yake, msanifu mkuu, alikuwa amechora majengo kadhaa marefu ya jiji, na tangu hapo hakuona mtu aliyemfikia hata magotini. Fundi akimuuliza swali, alijibiwa kwa msonyo. Wa chini kabisa machoni pake alikuwa Mama Gundi, mwanamke wa makamo aliyetengeneza mifano midogo ya majengo kwa kadibodi, ili wateja waone jengo lao kabla halijajengwa.

"Kukata makaratasi nako ni kazi?" msichana alisema siku moja, tena kwa sauti ya kusikika. "Sisi tulikata darasa la pili."

Baba yake alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Gundi aliendelea kukata.

Wiki hiyo alikuwa akitengeneza mfano wa maktaba mpya ya jiji. Alhamisi alasiri alimfuata msanifu mkuu mlangoni, ramani mkononi.

"Mkuu, hii ngazi ya mbele ina kasoro. Nimehesabu vidato vyake..."

"Wewe kazi yako gundi," msanifu mkuu alimkata kauli. "Hesabu tuachie sisi tuliosoma. Fuata ramani kama ilivyo. Kesho saa kumi watu wa halmashauri ya jiji wako hapa."

Mama Gundi alirudi mezani. Paa lilikuwa bado, na muda ulikuwa haumtoshi. Akamgeukia msichana, aliyekuwa amesimama hapo akitafuta cha kucheka.

"Mwanangu, nisaidie kubandika vidato. Nimeshavikata, ni kumi na vinane kama ramani inavyosema. Visipofika juu, usilazimishe. Niite, tumwonyeshe baba yako ajionee mwenyewe."

Msichana alibandika huku amebinua midomo. Kidato cha kumi na nane kilipokaa, pengo lilibaki kati yake na sakafu ya juu, si kubwa, upana wa ukucha. Kumwita Mama Gundi? Kwani baba yake anaweza kukosea? Alikata kipande kinene cha kadibodi, akakichomeka kwenye pengo, akakipaka rangi nyeupe. Kikafanana na vidato vingine kabisa.

"Vimefika?" Mama Gundi aliuliza bila kuacha paa lake.

"Vimefika. Umeona hujui kuhesabu?"

Mama Gundi alikuja akachungulia. Kweli, vilifika. "Basi nilikosea mimi," alisema taratibu, akarudi kwenye paa.

Kesho yake saa kumi, afisa wa halmashauri, mama mmoja mwenye miwani, alifika na wenzake wawili. Msanifu mkuu aliwaeleza kuhusu mwanga, upepo na uzuri wa ngazi yake ya mbele. Yule afisa alipitisha kidole kwenye ngazi hiyo, kutoka chini kwenda juu. Kipande cheupe kikadondoka mezani.

"Hapa pana pengo," alisema. "Wasomaji wetu wakifika hapa wataruka?"

Wenzake wakacheka. Msanifu mkuu alimgeukia Mama Gundi, uso umemwiva kwa hasira.

"Haya ndiyo matunda ya kufanya kazi na watu wasiosoma! Chukua mkoba wako. Usirudi tena hapa."

Mama Gundi alikitazama kile kipande, halafu akamtazama msichana. Alishaelewa. Alifungua aproni yake, akaikunja, akaiweka mezani.

Msichana alitamani sana mama huyo angemsema. Angekana, angebisha, angemwita mwongo, mambo yakaishia hapo. Kule kunyamaza ndiko kulikomchoma. Mkoba ulikuwa umeshafika begani kwa Mama Gundi.

"Baba, ni mimi," alisema. "Pengo lilikuwepo, nikaliziba. Yeye aliniambia nimwite, sikumwita."

"Nyamaza!"

"Na vidato ni kumi na vinane, kama kwenye ramani yako. Jana alikuja kukwambia, ukamfukuza."

Afisa aliomba ramani. Akaihesabu ngazi kwa ncha ya kalamu. "Kila kidato kimo chake ni sentimita kumi na sita. Sakafu ya juu iko mita tatu na sentimita ishirini. Vinatakiwa ishirini, bwana. Zege likishamwagwa, ungebomoa."

Msanifu mkuu alihesabu, akarudia, midomo ikimcheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Hesabu ilikataa kubadilika.

"Mama," alisema mwishowe, macho kwenye zulia. "Nisamehe. Usiondoke."

Wageni walipokwisha kwenda, msichana alisimama mbele ya meza ya kadibodi. "Shikamoo," alisema. Hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Kuhesabu vibaya si ajabu, hata mimi hukosea. Mfano huu upo ili tukosee kwenye kadibodi, tusikosee kwenye zege. Lakini ukimdharau anayekuonyesha kosa, na ukificha ulichokiona kwa macho yako, kuna siku mtu atapanda ngazi yako na kuanguka."

Alivaa aproni yake, akampa kisu. "Haya, bandua vyote. Ngazi ikirefuka itaanza mbele kidogo, kwa hiyo tunaanza upya, chini."

Msanifu mkuu alikuwa bado amesimama mlangoni. Alivua koti, akalitundika, akasogea.

"Nikate vidato vingapi?"

"Viwili tu, Mkuu," alijibu Mama Gundi. "Na upime kwanza."

Msanifu mkuu akauliza, kwa sauti ya chini, rula iko wapi.