Lori Lililoondoka Bila Mkunga

Kila asubuhi kabla ya masomo, Godelieve alishuka bondeni kuchota maji, maana mama yake alikuwa mjamzito na vilima vya Masisi vilikuwa vimemshinda. Njiani alipita mbele ya zahanati. Akiuona mlango uko wazi, moyo wake ulitulia.

Siku hizo, miaka michache baada ya uhuru, vijana wenye elimu walikuwa wakiuhama mji mmoja mmoja. Bwana shamba alikwenda Goma, akafuatwa na mwalimu Damien, kisha muuguzi wa zahanati. Alibaki Béata peke yake, mkunga kijana aliyesomea kazi yake Bukavu. Kabla hajaja, mama yake Godelieve aliwahi kushikwa na uchungu wakati mji hauna mkunga. Wanaume walimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya Kirotshe, na mtoto akafia njiani. Godelieve alikuwa akitembea nyuma yao. Aliona kila kitu.

Basi aliposikia kwamba Béata naye amepata kazi Bukavu na amekwisha kufunga sanduku, aliona mama yake atabebwa tena kwa machela.

Siku moja Papa Kasika, mfanyabiashara wa Butembo, alimwita akiwa anapakia maharagwe kwenye lori lake. Alikuwa amemwahidi mkunga kumpeleka Bukavu kesho yake; sasa alimtuma Godelieve akamwambie kwamba hawatangoja tena kesho. Wangeondoka adhuhuri hiyo hiyo, kwa sababu mvua ilikuwa karibu kuharibu barabara. Godelieve aliitika, akapanda hadi zahanati. Béata alimwuliza kama ameletewa habari.

"Hapana, dada," alijibu.

Adhuhuri Papa Kasika hakumwona mkunga, na lori likaondoka. Kesho yake Béata aliketi juu ya sanduku lake kando ya barabara, mpaka mpita njia alipomwambia kwamba Papa Kasika amekwenda. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika. Habari zilipofika kutoka Bukavu, nafasi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Béata alilia mbele za watu kama aliyefiwa, na mji mzima ukamsema Papa Kasika kuwa ni mtu asiyejali ahadi. Godelieve alidhani angefurahi. Badala yake alishindwa hata kumtazama mama yake usoni.

Mwishowe alimweleza baba yake, Papa Jean-Marie. Baba hakumpiga. Alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwa Béata, akamwambia aseme yote mwenyewe.

Béata alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kilichomfanya atake kuondoka. Paa la zahanati lilivuja juu ya kitanda cha kujifungulia. Kuni za kuchemshia maji alikata mwenyewe. Mwanamke akiletwa amechelewa na kufa, watu walinong'ona kwamba mkunga ndiye aliyemuua. Wala hakuna aliyewahi kubisha hodi kumwuliza ameamkaje.

"Ukienda, dada, mama atakufa," Godelieve alisema. "Njo maana nilidanganya."

Béata alifunga mlango, nao wakarudi nyumbani bila tumaini lolote.

Hata hivyo Papa Jean-Marie hakukaa. Alizunguka nyumba kwa nyumba akirudia maneno ya Béata, na wengi waliinamisha vichwa. Wanaume walileta nyasi na miti, wakaezeka paa upya. Wanawake wakagawana zamu za kuni. Papa Kasika aliporudi, Godelieve alimwomba msamaha mbele ya watu wote. Naye akamsamehe, akatoa misumari ya kukazia miti ya paa.

Uchungu ulimshika mama siku ya mvua kubwa. Kitanda kilikuwa kikavu, na Béata alikuwepo. Kazi ilikuwa ngumu, mpaka Godelieve, aliyekuwa nje, akakata tamaa. Halafu akasikia mtoto analia.

Baada ya hapo Papa Kasika alisimamisha lori mbele ya zahanati, akauliza kama apakie sanduku. Béata alimwambia aende salama. Kisha akamgeukia Godelieve.

"Usifikiri uongo wako njo ulinibakisha, mutoto," alisema. "Uongo ulinipotezea kazi, na ukamwaribia Papa Kasika jina. Nimebaki kwa sababu ulisema kweli, na watu wakaona shida yangu ni yao. Ukitaka muntu abaki, usimfungie njia. Mwambie kweli, kisha umusaidie kazi yake."