Kichwa cha Dokta Sandelin

Utepe wa karatasi wa kupimia vichwa ulikuwa na joto, kana kwamba umetolewa kifuani mwa mtu. Sista Gunvor aliutupa, akachukua mwingine. Nao ulikuwa na joto, tena ulinuka maziwa yaliyochacha.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, siku ya kupima watoto njiti katika wodi ile ya kaskazini mwa Uswidi. Gunvor alijua ni nani amekuja.

Wiki iliyopita, Maarit, mama wa mmoja wa watoto hao, alitembea juu ya barafu ya ziwa iliyoanza kuyeyuka. Hakurudi. Mwanawe alizaliwa na wiki ishirini na nne tu za mimba, na kichwa chake kilikuwa kimegoma kukua kwa wiki saba. Mara mbili Gunvor alimweleza Dokta Sandelin, mkuu wa wodi, kwamba lishe ya dripu bado inapimwa kwa uzito wa siku ya kuzaliwa, na kwamba dawa za steroidi, ambazo huzuia ubongo kukua, zinaendelea kutolewa kupita siku zilizopangwa. Dokta alisema ataangalia. Hakuangalia. Kisha akaandika kwenye faili kuwa chanzo ni mama kuvuta sigara akiwa mjamzito. Maarit hakuwahi kuvuta hata moja, lakini Jouni, mumewe, aliamini faili, akaacha kusema naye.

"Dokta," Gunvor alinong'ona, "kofia yako."

Ilikuwa imemshukia hadi machoni. Sandelin akacheka, akaipandisha. Jumatatu ya pili miwani ilimponyoka. Jumatatu ya tatu alifunga mlango wa ofisi akamwomba Gunvor ampime, na utepe, uliokuwa na joto na umelowa maziwa, ukazunguka kichwa kile kilichokuwa zamani sentimita hamsini na nane, ukasoma hamsini na moja, huku ngozi ya paji la uso ikijikunja kama soksi iliyolegea na jua la Aprili likiwaka dirishani.

Mchungaji Dagny wa kanisa la hospitali aliitwa ofisini. Alipoanza tu kusali, mashine ya kupumulia iliyozimwa pembeni ikavuta pumzi, na sauti ya Maarit ikatoka ndani yake.

"Andika."

Sandelin aliandika, akisahau herufi na kuanza upya: lishe ni kosa langu, dawa ni kosa langu, mama hakuvuta sigara. Gunvor alimpelekea Jouni karatasi ile kwenye inkubeta ya mwanawe. Jouni aliisoma, akakaa sakafuni.

Ofisini harufu ilikatika. Mashine ikanyamaza.

"Ameondoka?" Sandelin aliuliza kwa sauti ya chini.

Kabla Dagny hajajibu, kinywa cha daktari kilifunguka chenyewe, na aliyesema hakuwa yeye.

"Mwanangu ulimnyima wiki saba za kukua. Mimi nimechukua tatu. Bado nne."