Nanyama Hakufa Mtoni

Siku ya barua mjini Kitale, mwaka wa hamsini na saba, posta ilijaa watu kama mnada wa ng'ombe. Makarani wa mashamba ya Wazungu walisukumana na wenye maduka, na kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye aliyefika kwanza. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Jotham Mukhisa, karani wa ghala la mahindi, kijana wa miaka ishirini na minne, suruali ya kaki imenyooshwa kwa pasi mpaka mshono unakata. Mkononi alishika bahasha aliyoituma kwa gazeti moja la Nairobi mwezi uliopita. Ilikuwa imerudi. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na hadithi ilikuwa ileile.

Aliifungua palepale. Mtu akampiga kumbo, karatasi zikamwagika sakafuni. Jotham alipiga magoti kuziokota kabla hazijakanyagwa, na alipoinua kichwa akaona raba nyeupe, kisha gauni la samawati lenye kola ya maua, kisha msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, anayesoma ukurasa wake bila haya yoyote.

"Dada, naomba hiyo karatasi."

"Ngoja kidogo." Hata hakumtazama. "Huyu mwana wa mfalme analia mpaka lini? Hapa ni ukurasa wa saba na bado analia tu. Kwani hali chakula?"

"Ana huzuni."

"Hata mwenye huzuni hula, bana. Na hii bahari unaisifu hivi, umeiona?"

"Bado."

"Jumba la mfalme je?"

"Dada, wewe unataka nini?"

"Nataka kujua halafu ikawaje. Binti amefungua mlango, karatasi imeisha."

Jotham alijifuta vumbi magotini. "Sijui. Nilikuwa sijamaliza. Nilisema wakiipenda, basi nitaendelea."

Msichana alicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. "Ati umeuza gauni halina mikono!"

Aliitwa Nanyama, binti Hiram wa Bumula, fundi wa cherehani barazani pa duka la Surinder Singh. Alikuwa amekuja kuchukua kifurushi cha vifungo vya tajiri wake. Alimrudishia Jotham karatasi zake zote, zikiwa zimepangwa vizuri.

"Jumamosi ghala likifungwa, si uje pale barazani? Ulete hiyo, ama nyingine. Mimi napenda sana kujua mambo."

Jotham alikwenda. Angeachaje? Katika sanduku lake la bati mlikuwa na hadithi kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwisho. Alikuwa na ugonjwa wa waandishi wengi wachanga: alipenda kuanza. Tena alikuwa hajawahi kumsomea mtu yeyote, akiogopa kuchekwa, na maneno yake alikuwa akiyatafuta makubwa makubwa, yale ambayo hata mwenyewe hayatumii akiomba chumvi.

Barazani pale alijifunza kazi kwa njia ya ajabu. Alisoma kwa sauti huku Nanyama akishona. Hadithi ilipochosha, miguu yake ilikimbiza cherehani kama mtu anayetoroka. Hadithi ilipomshika, miguu ilipungua kasi, ikasita, ikasimama. Jumamosi ya kwanza mwana wa mfalme alifanya zipatikane suruali tatu nzima.

"Karani wangu," Nanyama alimwambia, akikata uzi kwa meno, "andika watu tunawajua. Andika Surinder anavyogombana na mizani yake. Andika hiyo aibu yako ya posta. Hapa Kitale hakuna mambo?"

"Nani atataka kusoma habari za Kitale?"

"Mimi."

Wiki iliyofuata alileta kurasa mbili juu ya mwanamke aliyekataa kushuka kwenye gunia lake la mahindi ghalani mpaka apimiwe tena. Miguu ya Nanyama ikasimama kabisa. Ndani ya duka, Surinder naye aliacha kukunja kitambaa. Jotham alisikia furaha ambayo hajawahi kuipata, na kwa kweli ni siku hiyo alipoanza kupenda, si kazi tu, bali na msikilizaji wake.

Mapenzi yao yalikua hivyo, kwa kutaniana na kusindikizana mpaka njia panda ya kituo cha reli. Jotham alimwita fundi wangu, naye akaitwa karani wangu. Nanyama alimsimulia mengi, hata yale ya dada yake Wilkista, aliyefariki mwaka juzi, na mama yao alivyokaa mwezi mzima bila kusema neno. Mwishowe Jotham akakusanya ujasiri.

"Nanyama, nikituma wazee kwenu, utasema nini?"

Nanyama alinyoosha mshono. "Maliza hadithi moja kwanza. Mtu wa kuanzaanza namwogopa. Na hiyo usinisomee. Nitaisoma gazetini, kama watu wengine."

Basi Jotham akaandika kama mtu anayeandika maisha yake, maana ndiyo aliyokuwa akiyaandika. Shauri alilopewa alilifuata mpaka akapitiliza. Msichana wa hadithi aliitwa Nanyama, binti Hiram, wa Bumula, fundi wa Kitale, gauni la samawati na raba nyeupe. Hakubadili hata kifungo. Kalamu ilikwenda vizuri mpaka pale kijana wa hadithi anapomwomba msichana waoane. Hapo ikagoma. Wiki tatu Jotham alikaa mbele ya mstari ule, hajui msichana atajibu nini.

Alipochoka, alimpeleka msichana kwao kusalimia, akaufurisha mto Nzoia, akamzamisha. Kisha akalia kweli, na kwa kuwa alilia, akaamini ameandika vizuri. Wachanga wengi hudanganywa na machozi yao wenyewe. Nairobi walifurahi. Waliichapa ukurasa wa nne, ubavuni mwa habari za vifo na mikutano.

Jumanne asubuhi, Surinder alitoka dukani mbio, kilemba kimekaa upande.

"Nanyama! Simu! Natoka Bungoma, duka ya ndugu yangu Kartar. Mtu nasema wewe nakufa!"

Nanyama alishika mkono wa simu. "Haloo?"

"Haloo, Kitale? Hapa ni Jairus, kaka ya marehemu Nanyama."

"Jairus?"

"Ndiyo, mama. Tunauliza, mwili uko wapi? Mumeutoa mtoni ama bado?"

"Jairus, ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Nanyama!"

Simu ilikoroma. Sauti ikarudi, imejaa mashaka. "Kama ni wewe, ng'ombe alikupiga teke ukiwa mdogo alikuwa rangi gani?"

"Hakuwa ng'ombe, alikuwa punda wa mwalimu! Na ni wewe ulimchokoza!"

Hapo Jairus alilia, mwanamume mzima, ndani ya duka la watu. "Ndugu yangu. Mwalimu alisoma gazeti baada ya ibada. Watu wamejaa kwetu. Shangazi yetu, Senge Edah, ametoka Cheptais kwa miguu. Mama hajala siku mbili, anasema tu, wa pili, wa pili."

"Nani aliandika?"

"Jotham Mukhisa, Kitale. Unamjua?"

Nanyama aliweka simu chini, akatafuta gazeti hilo, akaisoma hadithi yote barabarani.

Alimkuta Jotham ghalani, kalamu sikioni, ametabasamu kwa matumaini ya kusifiwa. Yeye pia gazeti alikuwa nalo mfukoni.

"Umeisoma?"

"Umeniua."

"Ni hadithi, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Mama yangu analilia mtoto wa pili. Uliyajua ya Wilkista. Nilikuambia kwa mdomo wangu mwenyewe."

Jotham alitoa kalamu sikioni. "Ulisema niandike watu tunawajua. Na nilikosa mwisho..."

"Ukakosa mwisho ukachukua shingo yangu!" Machozi yalimtoka, na yalimkasirisha zaidi. "Kwa nini hukumwacha ajibu? Ameulizwa swali zuri, badala ya kujibu anatupwa mtoni. Kwa nini?"

Nanyama alipanda basi la mchana kwenda kwao.

Zilipita siku nne. Cherehani ilifunikwa kwa kitambaa, na Jotham alipita pale kila jioni akaiangalia kama jamaa mgonjwa. Ile "kwa nini" haikumwacha ale wala ahesabu magunia. Siku ya tano aliingia dukani.

"Bwana Surinder, naomba simu. Bungoma."

"Sema maneno kidogo," Surinder alisema, lakini alizungusha mkono wa simu mwenyewe, akasubiri mwenyewe mpaka Kartar akamwita Jairus kutoka sokoni.

"Nisamehe, kaka," Jotham alianza.

"Papa anasema, aliyemuua aje amfufue. Watu walikuja kulia bado wako. Wamekataa kwenda. Wanataka kujua ilikuwa vipi."

"Na yeye? Amesema nini?"

Kwa mbali ilisikika sauti aliyoijua, kali lakini si ngeni. "Mwambie alete na kalamu!"

Jotham aliandika siku tatu, wakati wa chakula cha mchana, juu ya magunia. Jumapili alishuka Bungoma, akakodi baiskeli mpaka Bumula, daftari limefungwa kifuani kwa kamba.

Ua wa mzee Hiram ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wakipukuchua mahindi, kwa kuwa matanga yasiyo na maiti hayana kazi nyingi. Mzee alikaa kwenye kiti na kofia yake ya kanisani. Nanyama alikuwa kando ya mama yake, na hakuinua macho.

"Mulembe," Jotham alisalimia, na waliomwitikia walikuwa wachache. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti. "Mama, nilikosa. Sikufikiri kwamba mtu ana mama."

Mama aliweka gunzi chini. "Mimi nililia kweli, mwanangu. Sasa soma, tuone."

Akasoma akiwa amesimama. Mwanzoni mahindi yalidondoka kwenye nyungo kwa kasi, naye akaijua kasi ile, akaogopa. Aliposoma posta, mikono ikapungua. Kwenye cherehani wawili wakacheka. Msichana alipofika mtoni na maji yamefurika, ua mzima ukatulia. Akavua raba zake nyeupe, akayatazama yale maji, kisha akazivaa tena, akazunguka hadi darajani.

"Si ndivyo nilisema!" Senge Edah, yule shangazi wa Cheptais, alipiga paja. "Mtu ya akili anazunguka! Haya, halafu?"

Halafu kijana akamwomba msichana waoane. Jotham akageuza ukurasa, akawaonyesha. Ulikuwa mtupu.

"Hapa sijaandika," alisema. "Niliogopa atakataa. Ndiyo maana nilimtupa mtoni, nisisikie. Jibu ni lake, si langu."

Nanyama aliinuka na gauni lake la samawati. Alichukua daftari, akanyoosha mkono apewe kalamu, akaketi tena karibu na mama yake, akaandika polepole. Hakuna punje iliyodondoka.

"Ameandika nini?" Senge alipaza sauti. "Someni, wengine hatukwenda shule!"

Jotham alilichukua, akajaribu, akashindwa. Mzee Hiram akamnyang'anya daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "'Nanyama akamwambia: wazee wenu waje Jumamosi. Na ulete ile ya mwana wa mfalme, nataka kujua kama aliwahi kula.'"

Vigelegele vilipasuka, na mama ndiye aliyeanza. Jotham alirudishiwa daftari. Chini ya mwandiko wa Nanyama aliandika neno ambalo halikuwamo katika hadithi zake zote kumi na moja: Mwisho. Aliliangalia sana, machozi yakimtiririka mbele ya wakwe zake.

Nanyama alimpokonya kalamu, akampa sahani.

"Njoo ule, karani wangu. Hata mwenye furaha hula."