Nilimpokonya Mke Wangu Faraja Yake

Nina miaka thelathini na saba. Ni mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya sekondari hapa Eldoret, na siamini kuwa Mungu yuko. Nalisema mapema ili msomaji asije akafika katikati akidhani hii ni hadithi ya mtu aliyepotea kisha akaokoka. Sijaokoka. Ninachotaka kuwaeleza ni jambo nililomtendea mke wangu. Hadi leo likinijia nikiwa darasani, inabidi niwageuzie wanafunzi mgongo na kujifanya nafuta ubao.

Nilizaliwa upande wa Bungoma, katika nyumba ya maombi. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mama aliimba kwaya. Imani ilinitoka polepole nikiwa chuo kikuu. Hakuna aliyenikosea, wala sikuwa na kisa chochote na kanisa. Siku moja nilipiga magoti kuomba, nikaona naongea peke yangu. Nikainuka, nikaacha.

Akinyi nilikutana naye hapa mjini. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa Siaya, mcheshi, mwenye imani isiyo na makelele. Kabla hatujaoana nilimweleza wazi msimamo wangu. Nilidhani atanikimbia. Alifikiri kidogo, akasema, "Sawa. Mimi sitakuburuta kanisani, na wewe usiniguse imani yangu. Tukubaliane hivyo."

Tukapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe, tukacheka sana.

Tulijaliwa mtoto mmoja, msichana, tukamwita Naliaka. Tulikaa mtaa wa Kimumu. Jumapili mama na binti walienda kanisani, nami nikabaki nyumbani nikinywa chai na mwalimu mwenzangu, Kiprono, ambaye pia haamini. Wakirudi, Naliaka alinisimulia habari za Nuhu kana kwamba Nuhu ni jirani yetu anayefuga wanyama wengi kupita kiasi. Sikumpinga. Nilimwuliza twiga alilala wapi. Miaka hiyo nadhani nilikuwa mtu mzuri...

Kisha ukaja ugonjwa.

Tulikuwa tumeenda Plateau, nje ya mji, kwa harusi ya rafiki yake Akinyi. Asubuhi mtoto alikuwa akicheza. Jioni alikuwa na homa, akilia kwamba shingo inamuuma. Tulimkimbiza hospitali ya misheni iliyo pale pale, wakasema ni homa ya uti wa mgongo na kwamba imekuja kwa nguvu. Madaktari na wauguzi walifanya kila walichoweza. Hilo nalisema kwa moyo safi.

Kulipopambazuka, Akinyi alitoka kwenda kufua nguo za mtoto nyuma ya wodi. Mimi nilibaki nimemshika Naliaka mkono. Alishusha pumzi, nikangoja avute nyingine. Hakuvuta.

Nilipotoka kumwita mama yake nilimkuta ameshaacha kufua. Amesimama wima kando ya karai, mikono inachuruzika povu. Sikuwa nimefungua mdomo. Akaniambia tu, "Najua."

Tulimzika Naliaka nyumbani Bungoma. Tuliporudi Kimumu, mimi ndiye niliyevunjika. Sikula, sikulala, nilisahihisha madaftari ya wanafunzi bila kuona kilichoandikwa. Akinyi alilia, tena alilia sana, lakini baada ya kulia alinawa uso na kulala. Alirudi kazini. Akina mama wa kanisa walikuja na maziwa na sukari, wakaomba naye, na walipoondoka alikuwa na nguvu kidogo zaidi. Nilimsikia jikoni akiimba kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, huku akisonga ugali.

Mnajua nilijiuliza nini? Nilijiuliza kama kweli alimpenda mtoto jinsi nilivyompenda mimi. Aibu iliyoje kuwaza hivyo! Lakini niliwaza.

Jumamosi moja alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za managu. Aliniita nikae karibu naye. Akasema, "Baba Naliaka, nataka kukuambia kitu, lakini usicheke."

Nikaahidi.

"Siku ile nilikuwa nimeinama kwa karai. Nikasikia joto hapa mgongoni, kama mtu amesimama nyuma yangu. Sikuogopa. Halafu ikaja sauti. Si ya mwanaume, si ya mwanamke. Ikasema, 'Mwachilie, ninaye.' Hivyo tu. Ndiyo maana ulipokuja sikukuuliza kitu."

Aliendelea kuchambua zile mboga, halafu akasema, "Hata mama yangu sijamwambia. Nimekuambia wewe kwa sababu nakuona unaumia peke yako."

Alikuwa amenikatia kipande cha kitu kilichokuwa kikimweka hai, akanipa. Nilipaswa kumshika mkono na kumwambia asante. Nilihisi nini badala yake? Wivu, ndugu zangu. Wivu mkali. Mtoto alikuwa wetu sote wawili. Kwa nini yeye apewe sauti na mimi nipewe kimya?

Sikuanza kwa ubaya, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilianza kwa maswali madogo wakati wa chakula cha jioni. Je, alimwona mtu huyo au alihisi tu? Alikuwa amekaa muda gani bila usingizi? Alikuwa amekula? Akinyi alinijibu kwa upole. Nikamweleza jinsi ubongo uliochoka unavyoweza kujitengenezea sauti, na jinsi watu waliofiwa wengi wanavyosikia mambo. Nilichora hata picha ya kichwa cha binadamu kwenye bahasha, nikamwonyesha sehemu gani inafanya nini.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, akitabasamu kwa shida, "mimi si mwanafunzi wako."

Ningeishia hapo! Tulikuwa na mapatano. Nilimpa mkono wangu mwenyewe. Lakini kila nilipomwona ametulia, kitu ndani yangu kiliuma, na nikatafuta swali lingine.

Jumapili moja Kiprono alikuja kutuona, amebeba mursik, maziwa ya mgando, kwa kibuyu. Akinyi alikuwa jikoni. Sijui nini kiliniingia. Nikaanza kumsimulia Kiprono habari za ile sauti, siri ambayo mama mkwe wangu mwenyewe hakuijua. Nilisimulia kwa mzaha. Niliigiza. Nilitoa sauti nzito ya kipuuzi nikasema, "Mwachilie, ninaye," nikacheka.

Kiprono hakucheka. Alikuwa akitazama nyuma yangu.

Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka mezani taratibu, bila hata kikombe kimoja kugongana, akaingia chumbani.

Nilimsindikiza Kiprono hadi barabarani. Tulipofika akaniambia, "Wewe unajua mimi pia siamini. Lakini pale hukuwa unatafuta ukweli, mwalimu. Ulikuwa unampiga mtu."

Maneno hayo yangetosha kunirudisha. Badala yake nilirudi nyumbani nimekasirika, maana mtu aliyeaibika hutafuta wa kumtupia aibu yake. Akinyi alikuwa ameandaa chakula. Hakunilaumu. Alinipakulia, tukaanza kula. Na mimi nikauliza lile swali ambalo nilikuwa nimelificha tangu mwanzo.

Nilimwambia, "Kama alikuwa amesimama nyuma yako, mtoto alikuwa ndani pale, karibu tu. Kwa nini hakuingia amponye? Alikuja mpaka hapo kukuambia wewe maneno matamu, basi?"

Akinyi aliweka kijiko chini. Nilimwona akitafuta jibu. Alitafuta kweli, kwa sababu ni mtu mkweli. Kisha nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu aliyetia mkono mfukoni na kukuta ufunguo haumo.

Nilikuwa nimeshinda. Na ni nani aliyewahi kushinda jambo baya kama hilo?

Jumapili iliyofuata hakuvaa nguo za kanisa. Akina mama wa ushirika walipobisha aliniomba niwaambie amelala. Kuimba kulikwisha. Mimi, mpumbavu mimi, nilifurahi kidogo. Nilidhani sasa tutaomboleza pamoja, tukiwa upande mmoja. Nilidhani nimempata mwenzangu.

Jioni moja aliniuliza, bila ukali wowote, "Sasa Naliaka yuko wapi?"

Nilikuwa na majibu ya kila kitu, lakini hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema, "Hayuko, Akinyi."

"Hayuko," akarudia, kama mtoto anayejifunza neno jipya. "Hayuko."

Baada ya hapo hakwenda kazini tena. Aliketi ukingoni mwa kitanda na nguo za jana. Nilimpikia, chakula kikapoa. Nilimwita kwa jina, akanitazama kama mtu anayetafsiri lugha ngeni. Dadake alitoka Siaya kuja kumwona, akaniuliza amepatwa na nini, maana kwenye mazishi alikuwa imara kuliko sisi sote. Nikasema ni huzuni tu. Nilidanganya. Nilijua vizuri nani alimfanya hivyo na kwa maneno gani.

Kisha siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba iko wazi na Akinyi hayupo. Nilizunguka Kimumu yote. Nilienda dukani kwao. Nilimpigia dadake, nikampigia Kiprono. Ilikuwa karibu jioni simu ilipoita, na aliyeongea ni mama nisiyemjua, anayeuza viazi huko Timboroa, mwendo wa saa nzima kwa gari.

"Wewe ni bwana ya huyu Akinyi? Basi kuja umchukue. Tumempata ameingia kwa msitu, mvua inamnyeshea, na hana hata sweta. Hajaumia. Nimempatia blanketi na uji, lakini mbali na jina lake na namba yako, haongei kitu."

Kiprono alinipeleka kwa gari lake. Kule Timboroa baridi huingia hadi kwenye mifupa. Nilimkuta mke wangu kando ya jiko la makaa, amefunikwa blanketi la mgeni, nywele zimelowa. Yule mama alitoka nje kutuacha. Nilipiga magoti mbele yake nikamwuliza alikuwa akitafuta nini msituni.

Alijivutia blanketi. "Nilitaka kusikia tena. Nilifikiri nikienda mahali kumenyamaza, nitasikia."

Nikamwuliza kama alisikia.

"Nilisikia," akasema. "Nilikusikia wewe, ukiuliza maswali."

Ndugu msomaji, nimewahi kufiwa na mtoto. Sikudhani kuna maumivu mengine yanayoweza kukaribia hayo...

Niliogopa sana, na kwa woga huo nikafanya kosa lingine. Tulipofika nyumbani nilimwambia kwamba hata mimi siku ile nilisikia kitu wodini. Kwamba nilificha kwa kiburi. Nikamshika mikono, nikafumba macho, nikaanza kuomba kwa maneno ya baba yangu, ambayo bado nayakumbuka yote. Niliomba vizuri. Mtu yeyote angeamini.

Akinyi alitoa mikono yake kutoka kwenye yangu. "Usinifanyie hivyo," alisema. "Kama unataka kunisaidia, nipeleke kwa mama."

Nilimpeleka Siaya. Alikaa kwa mama yake kwa miezi. Walimpeleka hospitali, akapata mshauri mzuri wa kuongea naye, akapewa dawa kwa muda. Nilimweleza mama mkwe kila kitu, nimeinamisha kichwa. Hakunitusi. Alisema tu, "Mwanangu, ulimkuta ameshika kitu. Ungemwacha ashike." Heri angenitusi.

Leo Akinyi yuko hai na ana nafuu. Amerudi Eldoret, anafanya kazi pale pale dukani, lakini amepanga chumba chake mtaa mwingine. Hatujaachana kwa karatasi, ila hatukai pamoja. Huwa ananiruhusu kumtembelea. Ameanza tena kwenda kanisani, anakaa nyuma kabisa. Anasema anaenda kwa sababu ya watu. Ile sauti, anasema, hata akijaribu kuikumbuka haiji sawasawa. Inakuja na sauti yangu ya kuigiza juu yake.

Nilimwomba msamaha. Nililia, akaningoja nimalize. Kisha akaniambia, "Nataka kukusamehe. Lakini kusamehe nilifundishwa kule ulikonitoa. Nipe muda nitafute njia." Alisema bila uchungu, na ndiyo maana iliniingia hivyo.

Wako wanaoniuliza kama sasa ninaamini kulikuwa na mtu nyuma yake siku ile. Siamini. Hoja zangu ni zile zile. Lakini najua kwamba sikuzitoa kwa sababu ni za kweli. Nilizitoa kwa sababu nilikuwa nikizama na nikamwona mwenzangu anaelea. Muumini akikosa huenda kwa Mungu wake kutubu. Mimi sina pa kwenda, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kwa wenzangu wasioamini: msitumie akili kama fimbo. Na nyinyi mnaoamini, nimewahi kuona mkimfanyia hivi hivi mtu asiye na imani, mkimwambia msiba wake ni adhabu. Ni dhambi ile ile, kama dhambi ipo. Mtu wako akifiwa na akapata mahali pa kuegemea, usianze kumwuliza pamejengwa kwa kitu gani. Na kama wewe mwenyewe huna mahali, sema hivyo. Sema unaumia.

Mimi sikusema. Kama jioni moja tu ningemwambia, "Akinyi, sina kitu cha kunishikilia, acha nikae karibu na wewe," nadhani angenifanyia nafasi bila kuniuliza naamini nini. Namjua. Angesogea.