Jini wa Sehemu ya Pili

"Nakaa kidogo tu, halafu narudi kwenye cherehani yangu," mshonaji alisema akiketi kwenye benchi la banda la video. "Sehemu ya kwanza ilinichosha. Majoka yanapiga miayo filamu nzima."

"Hii ni ya pili. Tulia," dada yake akamjibu. "Tangu Kasuku akukimbie umekuwa kama mfiwa."

Kasuku ndiye aliyetafsiri filamu zile kwa Kiswahili. Mtu mmoja, sauti zote: mfalme, malkia, mtoto, hata farasi. Yeye na mshonaji walikuwa wachumba. Kisha akatoweka bila kuaga, simu hapokei, mlango kufuli. Mshonaji alilia mpaka akabaki na swali moja: nilimkosea nini?

Filamu ikaanza. Ndugu yangu, sehemu hii ilikuwa moto wa kuotea mbali. Mji mzima uko chini ya maji, wafu wanatembea sokoni wakiulizana bei. Mshonaji akajisahau. Alicheka, akashtuka, akamng'ang'ania dada yake mkono.

Ndipo jini akaibuka kisimani. Hana uso. Akawageukia watazamaji, akasema taratibu kwa sauti ya Kasuku:

"Mshonaji wangu, usiningoje. Ninakokwenda, sauti hairudi."

Mshonaji akamgeukia dada yake.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia. Jini anatisha kweli."

"Anamwambia nani? Filamu hii haina mshonaji."

Dada yake akaacha kutafuna karanga.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Huyu mtu yu hai kweli?"

Mshonaji alikuwa ameshatoka nje kwenye jua la mchana. Akapiga namba ya Kasuku. Leo ikapokelewa. Hakuna neno. Pumzi tu, nzito, zinakwaruza.

"Kasuku? Ni wewe? Nimemsikia jini wako. Sema kitu basi."

Pumzi. Simu ikakatwa, ujumbe ukaingia:

"Siwezi kusema. Nilikuwa na uvimbe kooni. Nilimaliza filamu hiyo ndipo nikapasuliwa. Sauti imekwenda."

Akaandika: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipendea sauti, ulisema mwenyewe. Na ulivyoiponda sehemu ya kwanza, nilijua ya pili hutaigusa. Nikaona niage mahali ambapo hutasikia."

"Uko wapi?"

"Kwa mama."

Mama yake Kasuku alimfungulia bila kuuliza, akamwonyesha chumba. Kasuku alikuwa ameketi mbele ya filamu ile ile, shingo imefungwa bandeji, midomo inacheza na kila mhusika, na mlio hautoki. Mshonaji aliogopa kuliko alivyomwogopa jini. Hata hivyo akaingia, akaizima ile filamu.

"Nilikupendea sauti, sikatai. Sauti ndiyo iliyonivuta. Lakini siku zote hizi sikulilia sauti, mjinga wewe. Nimemlilia mtu."

Kasuku akaandika kwenye simu, akamgeuzia: "Utachoka na ukimya wangu."

"Tutagombana kwa ujumbe, kama watu wote."

Mabega ya Kasuku yakatikisika. Alikuwa anacheka. Akaandika tena, safari hii polepole: "Na harusini nitaitikiaje?"

"Utaitikia kwa kichwa. Ukikaidi, nakiinamisha mwenyewe kwa mikono yangu."

Kasuku akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena na tena, mpaka machozi yakamlowesha bandeji.